Uhandisi jeni: unavyofanyika, faida zake, na swali la kama kilichotoka maabara kinaweza kurudishwa

Mwanamaabara (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Nimefuatilia kwa muda mrefu mijadala kuhusu uhandisi jeni, na mara nyingi naona watu wakigawanyika kambi mbili kabla hawajaelewana wanazungumzia kitu gani. Mmoja anasema mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, ni sumu, mwingine anajibu kwamba teknolojia hii itamaliza njaa na magonjwa, na mjadala unaisha bila mtu yeyote kueleza kinachofanyika ndani ya seli. Kazi yangu ya miaka kadhaa ni hii ya kukata na kuunga DNA, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu ninachokifahamu, kisha nitasema msimamo wangu. Nitakapokosea, naomba mnisahihishe.

Tuanze na DNA yenyewe. Ni uzi mrefu uliosokotwa mfano wa ngazi ya kamba, ambao muundo wake ulielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitegemea kwa kiasi kikubwa picha za eksirei zilizotoka kwenye maabara alimofanyia kazi Rosalind Franklin. Vipago vya ngazi hiyo vimeundwa kwa kemikali nne tu, ambazo kwa kifupi tunaziandika A, T, G na C. Siku zote A hushikana na T, na G hushikana na C. Binadamu ana jozi zipatazo bilioni 3 za herufi hizo. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, na jeni zetu za protini zinakadiriwa kuwa 20,000 hivi. Seli husoma herufi tatu tatu. Kila tatu huita asidi amino moja, na asidi amino zikishonwa kwa mpangilio uliotakiwa, protini hupatikana.

Msingi wa uhandisi jeni wote uko kwenye jambo moja ambalo watu hulipita haraka, nalo ni kwamba karibu viumbe vyote husoma maandishi haya kwa namna ileile. Herufi GAG zinaita asidi ya glutamiki ndani ya bakteria, ndani ya mmea na ndani yako. Bakteria akipewa jeni ya binadamu hana namna ya kujua kwamba maelekezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya mwili mwingine. Atayasoma na kutengeneza protini ya binadamu. Mimi huu ukweli bado unanishangaza kila ninapoufundisha.

Sasa, kukata. Bakteria wana vimeng'enya vya kujilinda dhidi ya virusi, ambavyo hukata DNA ngeni kila vinapokuta mfuatano fulani. Kimoja kinachojulikana sana, EcoRI, hutafuta herufi GAATTC na kukata kati ya G na A katika kila upande wa ngazi. Mkato huo hauwi mnyoofu. Huacha vijincha vya AATT vinavyoning'inia, na kipande kingine chochote kilichokatwa kwa kimeng'enya hichohicho kitakuwa na vijincha vya kushikana navyo. Kimeng'enya kingine, ligasi, huziba maungo. Mwaka 1972 Paul Berg aliunga kwa njia ya namna hii DNA za virusi wawili wasio wa ukoo mmoja, na mwaka 1973 Herbert Boyer na Stanley Cohen waliingiza DNA ya kuungwa ndani ya bakteria aina ya E. koli, bakteria akagawanyika na kuirithisha. Walitumia plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA ambayo bakteria huibeba pembeni ya kromosomu yake.

Nieleze tendo lenyewe linavyoonekana, kwa sababu wengi hudhani kuna mitambo mikubwa. Unashika kichupa cha plastiki chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Ndani yake mna tone la maji dogo kuliko tone la chozi, na DNA iliyomo huioni. Unaongeza kimeng'enya, unakiacha kichupa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa moja hivi, kisha unaongeza kipande unachotaka kukiunga pamoja na ligasi. Baadaye unawaweka bakteria na plasmidi hizo juu ya barafu, unawazamisha ghafla kwenye maji ya nyuzi 42 kwa muda usiofika dakika moja, na kuwarudisha kwenye barafu. Mshtuko huo huwafanya wachache miongoni mwao waipokee plasmidi. Ili kuwatambua wachache hao, plasmidi huwa imewekewa jeni ya usugu dhidi ya antibayotiki fulani, na bakteria wote hupandwa kwenye sahani yenye dawa hiyo. Ambaye hakupokea hastawi, na asubuhi unakuta vidoti vyeupe, kila kimoja kikiwa ni ukoo wa bakteria mmoja.

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa mgeni katika kazi hii, nilikuta sahani imejaa vidoti, nikamweleza msimamizi wangu kwamba kazi imekamilika. Tulipovichunguza kimoja kimoja tukakuta vyote vimebeba plasmidi iliyojifunga yenyewe bila ile jeni niliyokusudia kuiingiza. Kukata na kuunga ni kazi ya siku mbili. Kuthibitisha kwamba umepata ulichokitaka, na kwamba hukupata kingine pamoja nacho, ni kazi ya wiki na miezi, na huko ndiko uangalifu wa kweli unakopimwa.

Matunda ya kwanza makubwa yalikuwa insulini. Kabla ya hapo, dawa hiyo ya wagonjwa wa kisukari ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa, na miili ya baadhi ya wagonjwa ilikuwa ikiikataa. Insulini ya binadamu ni protini ndogo yenye asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30. Mwaka 1978 wanasayansi nchini Marekani waliweza kuitengeneza kwa kutumia bakteria, na mwaka 1982 iliruhusiwa kutumika nchini humo. Mfano ulionigusa zaidi ni wa homoni ya ukuaji. Watoto waliokuwa na upungufu wake walikuwa wakichomwa homoni iliyotolewa kwenye tezi za pituitari za maiti, na mwaka 1985 ikabainika kwamba baadhi yao walikuwa wameambukizwa kwa njia hiyo ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao huharibu ubongo na hauna tiba. Mwaka huohuo homoni iliyotengenezwa na bakteria ikaruhusiwa. Anayesema kwamba njia ya asili daima ndiyo salama zaidi, naomba aikumbuke habari ya watoto hawa.

Msimamo wangu ni huu. Sidhani kwamba kuna jibu moja la kuuliza kama uhandisi jeni ni mzuri au mbaya. Mimi huuliza kwa kila mradi: kilichobadilishwa kikionekana kina kasoro, kinaweza kurudishwa? Bakteria wa insulini wanaishi ndani ya matangi ya chuma yaliyofungwa, na kinachotoka ni protini iliyosafishwa. Kasoro ikitokea, tangi linazimwa na chupa zinakusanywa. Wanasayansi wenyewe waliliona swali hili mapema. Mwaka 1974, Berg na wenzake waliomba hadharani kwamba majaribio ya aina fulani yasimame kwanza, na mwezi Februari mwaka 1975 zaidi ya watu 100 wakakutana Asilomar, California, wakakubaliana kwamba majaribio yaendelee kwa masharti ya vizuizi kulingana na hatari ya kila moja, na yale ya hatari yatumie bakteria waliodhoofishwa kiasi cha kushindwa kuishi nje ya maabara. Tangu hapo tumetoka mbali sana na tangi lililofungwa, na huko ndiko ninakotaka mjadala wetu uelekee.

Fikra Huru

Mkuu, nashukuru kwa maelezo. Nina maswali mawili. Kwanza, hii CRISPR inayotajwa kila mahali inatofautianaje na mkasi uliouelezea? Pili, ukila mmea uliobadilishwa, ile jeni ngeni haiingii kwenye mwili wako?

Mwanamaabara

Ndugu Fikra Huru, EcoRI hutafuta herufi 6 tu, na mfuatano wa herufi 6 hujirudia mara nyingi mno katika DNA ndefu. Ukiutumia kwenye jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, utaikatakata vipande vingi visivyohesabika kirahisi. CRISPR nayo imetoka kwa bakteria. Wanapovamiwa na virusi, baadhi ya bakteria huhifadhi vipande vya DNA ya mvamizi ndani ya DNA yao kama kumbukumbu, kisha hutengeneza nakala za vipande hivyo kwa RNA, kemikali ya jamii ya DNA, na nakala hizo huongoza protini ya kukata, Cas9, hadi kwa virusi wa aina ileile wakirudi tena. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba RNA hiyo ya kuongoza inaweza kuandikwa upya na mtafiti apendavyo, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kiongozi huyo ana herufi zipatazo 20. Kwa herufi nne kuna zaidi ya mifuatano trilioni moja tofauti ya herufi 20, ilhali jenomu yetu ina bilioni 3, kwa hiyo kwa hesabu tupu anwani moja inatosha kuelekeza mahali pamoja tu. Tatizo ni kwamba Cas9 huweza kuvumilia herufi moja au mbili zisizolingana, na DNA yetu imejaa sehemu zinazofanana, ndiyo maana mkato mahali pasipokusudiwa ni hatari ya kweli inayolazimu uchunguzi kila mara. Vilevile mkasi hukata tu. Anayerekebisha ni seli yenyewe. Mara nyingi seli huunga ncha kwa haraka na kupoteza au kuongeza herufi chache, na jeni huharibika, jambo ambalo huenda ndilo ulilolitaka. Ukitaka kuandika maneno mapya badala ya kufuta, inabidi uipe seli kiolezo, yaani kipande cha DNA chenye maneno hayo ya kunakiliwa, na hapo mafanikio hupungua.

Kuhusu swali la pili, kila mlo una DNA ya mimea na wanyama, na tumbo huisaga karibu DNA hiyo yote bila kujali imetoka wapi. Cha kuangalia ni protini mpya ambayo jeni hiyo inaitengeneza, hasa kama inaweza kusababisha mzio. Kuna mfano ninaoupenda kwa sababu unaonyesha hatari na kinga kwa pamoja. Watafiti waliingiza kwenye soya jeni ya njugu za Brazili ili kuongeza asidi amino ya methionini katika chakula cha mifugo. Walipopima kwa damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo, damu iliitambua protini mpya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 na soya hiyo haikuuzwa kamwe. Akademia za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi mno na mwaka 2016 zikaeleza kwamba hazikupata ushahidi kuwa vyakula vya mazao yaliyobadilishwa vinasaba vilivyokuwa sokoni vina hatari kubwa kwa afya kuliko vile vya kawaida. Naikubali hitimisho hiyo kwa mazao yaliyopimwa. Haiwezi kulisemea zao ambalo bado halijapimwa.

Mkulima Mdadisi

Mimi hofu yangu haiko tumboni, iko shambani. Wametuambia kuna mimea inayoua wadudu yenyewe. Wadudu hawatazoea? Na mbegu ni ya nani?

Mwanamaabara

Mkuu, umegusa mahali ambapo mimi mwenyewe naona udhaifu mkubwa zaidi wa mazao haya.

Kwanza, namna jeni inavyoingia kwenye mmea. Kuna bakteria wa udongoni, Agrobakteria, ambaye kwa asili huingiza kipande cha DNA yake ndani ya seli za mimea na kuufanya mmea uote vivimbe. Wanasayansi waliondoa jeni za uvimbe na kuweka jeni wanayoitaka mahali pake, bakteria akabaki kuwa mbebaji. Njia nyingine ni kurusha kwa kasi chembe za dhahabu zilizopakwa DNA hadi zipenye ndani ya seli. Seli zilizopokea hukuzwa hadi kuwa mmea mzima, kazi inayohitaji uvumilivu sana.

Mimea unayoisema imepewa jeni kutoka kwa bakteria mwingine wa udongoni, Basilasi thuringiensis, anayefupishwa Bt. Kiwavi anapotafuna jani lenye protini ya Bt, protini hiyo huyeyuka katika utumbo wake wenye hali ya kialkali, vimeng'enya vyake huikata ikawa hai, nayo hujishika kwenye vipokezi maalumu vya seli za utumbo na kuzitoboa. Seli zinapasuka, kiwavi anaacha kula, na baada ya muda mfupi anakufa. Tumbo letu lina asidi, na vipokezi hivyo hatuna. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mkulima hupunguza kunyunyizia viuatilifu ambavyo huua pia nyuki na kumdhuru mnyunyiziaji.

Ila wadudu huzoea, nawe umesema sawa. Katika mamilioni ya viwavi huwapo wachache ambao vipokezi vyao vina umbo tofauti kidogo. Mmea ukiwaua wengine wote, hao wachache hujamiiana wao kwa wao na baada ya vizazi kadhaa shamba ni lao. Kinga iliyobuniwa ni kuacha sehemu ya shamba ipandwe mbegu isiyo na Bt, ili wadudu wasio sugu waendelee kuwepo na kuoana na wale sugu. Mkulima anaombwa awalishe wadudu kwa makusudi sehemu ya mazao yake kwa faida itakayoonekana miaka mingi mbele, na ni rahisi kuelewa kwa nini wengi hawakufanya hivyo. Nchini India, funza mwekundu wa pamba aliripotiwa kuwa sugu dhidi ya pamba ya Bt ya kizazi cha kwanza mwaka 2010. Magugu nayo yamefuata njia hiyohiyo. Mazao yaliyopewa uwezo wa kustahimili glaifoseti, dawa ya kuua magugu, yaliwafanya wakulima watumie dawa hiyo moja msimu baada ya msimu, na sasa kuna magugu, hasa jamii ya mchicha pori inayosumbua Marekani, ambayo hayafi kwa dawa hiyo. Kosa hilo si la jeni. Ni la kutegemea silaha moja, na lingetokea hata kwa dawa ya kawaida, lakini teknolojia iliyauzia mashamba makubwa urahisi wa kulifanya kwa haraka.

Kuhusu umiliki, mbegu nyingi za aina hii zina hataza (patent), na mkulima anayezitumia hufungwa na masharti ya kutohifadhi mbegu kwa msimu ujao. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kupanda tena mbegu za soya zenye hataza bila ruhusa ni kuzalisha nakala zisizo halali. Mimi naliona hili kuwa tatizo zito kuliko mengi yanayosemwa kuhusu afya, na ni tatizo la sheria na mali ambalo nchi inaweza kulipangia utaratibu wake. Ushahidi kwamba mambo yanaweza kwenda vingine ni mipapai ya Hawaii. Virusi vya madoapete vilikuwa vikiyamaliza mashamba, na Dennis Gonsalves na wenzake wakaupa mpapai kipande cha jeni ya ganda la virusi hao, mmea ukapata kinga. Kuanzia mwaka 1998 mbegu ziligawiwa wakulima bure. Kwa swali langu la kurudisha, shamba liko katikati: mbegu unaweza kuiondoa sokoni, lakini chavua iliyokwisha kuchukuliwa na upepo hadi kwa mimea pori ya jamii moja huwezi kuikusanya. Ndiyo sababu nchi nyingi zilikubaliana katika Itifaki ya Cartagena, iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika mwaka 2003, kwamba nchi inayopokea viumbe hai vilivyobadilishwa iwe na haki ya kutathmini hatari na kukataa.

Mzazi Mmoja

Samahani kuingilia, mimi si mwanasayansi. Nina mtoto mwenye selimundu. Nimesikia kwamba sasa inatibika kwa njia hii. Naomba unieleze ukweli bila kunipa matumaini ya bure.

Mwanamaabara

Ndugu yangu Mzazi, pole kwa mzigo mnaoubeba wewe na mtoto. Nitajitahidi kusema yale tu yenye uhakika.

Selimundu hutokana na herufi moja. Katika jeni ya himoglobini, mahali palipopaswa kuwa na GAG pana GTG, na kwa hiyo nafasi ya asidi ya glutamiki inachukuliwa na asidi amino nyingine, valini. Kosa hilo moja hufanya himoglobini ishikamane ikawa kama vijiti pale oksijeni inapopungua, chembe nyekundu hujikunja mfano wa mundu na kukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu unayoyajua yanapoanza.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo huzimwa polepole baada ya kuzaliwa. Tiba iliyoruhusiwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo hutumia CRISPR kuiwasha tena. Seli shina za damu, yaani zile zinazozaa chembe za damu, hutolewa kwa mgonjwa, na maabara hukata mahali panapoendesha jeni iitwayo BCL11A, ambayo ndiyo inayoizima himoglobini ya utotoni; kisha seli hurudishwa mwilini. Herufi yenye kosa inabaki palepale, ila mwili unapata himoglobini nyingine isiyojikunja. Katika majaribio, wagonjwa wengi mno waliopata tiba hii walikaa mwaka mzima au zaidi bila maumivu makali waliyokuwa wakiyapata.

Upande mgumu ni huu. Kabla seli hazijarudishwa, uboho wa mgonjwa husafishwa kwa dawa kali za kemo, ambazo zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa na kumweka hospitali kwa wiki kadhaa. Iliruhusiwa kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Gharama zake ni kubwa kupita uwezo wa familia karibu zote duniani zisipobebwa na bima au serikali, na hiyo ni aibu ambayo sisi tulio kwenye fani hatupaswi kuizoea. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo pia huongeza himoglobini ya utotoni, ipo na inasaidia wengi; kama daktari hajaizungumzia, muulize.

Na nikuambie pia kwamba tiba za jeni zimewahi kuua. Mwaka 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki Marekani siku nne baada ya kuchomwa virusi vilivyobeba jeni, mwili wake ulipoitikia kwa ukali usiotarajiwa. Huko Ufaransa, watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili walitibiwa na wengi wakapona, lakini wanne wakapata saratani ya damu kwa kuwa virusi mbebaji alijipachika karibu na jeni inayochochea seli kugawanyika. Njia zinazotumika leo zimejengwa juu ya mafunzo ya vifo na magonjwa hayo. Usikubali mtu akuambie kwamba hakuna hatari, wala usikubali mtu akuambie kwamba ni majaribio tu.

Fikra Huru

Kama seli za damu zinarekebishwa, kwa nini wasirekebishe mapema kabisa, mtoto akiwa bado kiinitete, ili hata wajukuu wasirithi?

Mwanamaabara

Kwa sababu hapo jibu la swali langu, kama kilichobadilishwa kinaweza kurudishwa, linakuwa "hapana". Seli za damu zilizorekebishwa haziendi kwa watoto wa mgonjwa, na mgonjwa ameridhia. Kiinitete kikibadilishwa, badiliko huingia katika kila seli, zikiwamo za uzazi, na waliomo kwenye vizazi vijavyo hawakuulizwa. Mwezi Novemba 2018 He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa mapacha nchini China ambao alikuwa amekata jeni yao ya CCR5, ile ya kipokezi ambacho VVU hukitumia kuingia kwenye seli, wakiwa viinitete, akilenga kuwakinga dhidi ya VVU. Data alizoonyesha zilionyesha kwamba herufi zilizobadilika hazikuwa zile zinazojulikana kwa watu wenye kinga hiyo kiasili, na kulikuwa na dalili kwamba si seli zote zilizobadilika kwa namna moja. Zaidi ya hayo, baba mwenye VVU anaweza kupata mtoto asiye na maambukizi kwa njia za kawaida zinazojulikana. Watoto wale walibebeshwa hatari ya maisha yao yote kwa faida ambayo ingepatikana bila hatari hiyo. Mwaka 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Nami nasema wazi: kwa ujuzi tulio nao leo, kazi hii haipaswi kufanywa kwa kiinitete kitakachozaliwa.

Kuna jambo moja ambalo liko mbali zaidi kwenye mstari huohuo, nalo ni mbu. Kwa kawaida jeni hurithiwa na nusu ya watoto. Ukimwekea mbu jeni pamoja na CRISPR yenyewe, mkasi huo hukata kromosomu ya pili na kujinakili humo, na karibu watoto wote wanarithi. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliripoti kwamba mbu wa aina ya Anopheles gambiae waliowekewa mfumo wa namna hii katika jeni ya jinsia walimalizika ndani ya vizimba baada ya vizazi 7 hadi 11. Malaria huua mamia ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao watoto wadogo, kwa hiyo sitamdharau yeyote anayetaka mbu hawa waachiliwe. Lakini huu ni mfumo uliobuniwa kwa makusudi uenee wenyewe, na mbu havuki mpaka kwa pasipoti. Kabla ya kumwachilia hata mmoja, watu wa maeneo yote ambako angeweza kufika wanastahili kuulizwa.

Mkulima Mdadisi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Haya yote tunayategemea kwa waliotengeneza wenyewe. Nani anakagua?

Mwanamaabara

Mkuu, nitajibu kwa kisa kimoja. Mwaka 2015 walizaliwa Marekani madume wawili wa ng'ombe wa maziwa waliorekebishwa ili wasiote pembe, jambo ambalo lingewaepusha ndama na uchungu wa kuunguzwa pembe. Waliowatengeneza walieleza kwamba wamechunguza na hawakukuta badiliko lolote lisilokusudiwa. Mwaka 2019 wanasayansi wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo walizipitia upya data zilezile za DNA, wakakuta kwamba plasmidi iliyotumika kubeba kiolezo ilikuwa imeingia nzima kwenye kromosomu ya ng'ombe, pamoja na jeni za bakteria za usugu dhidi ya antibayotiki. Baadhi ya ndama waliozaliwa walikuwa wameirithi. Data zilikuwapo muda wote. Wachunguzi wa mwanzo walitafuta mikato iliyokwenda mahali pasipotakiwa, ila hawakuitafuta plasmidi yenyewe, na kompyuta haitafuti kitu ambacho hukuiambia ikitafute.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba akague mwingine, mwenye data zote ghafi mkononi na asiye na hisa katika matokeo. Sisi katika maabara tuliyomo sasa, tangu kisa hicho, hatuandiki neno "imekamilika" kwenye daftari la kazi hadi mtu ambaye hakushiriki jaribio hilo aitafute plasmidi katika jenomu nzima, na jina lake liandikwe pembeni ya matokeo.